Bitcoin ya Miaka ya Mwanzo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matumizi, Usalama na Faragha

Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudiwa mara nyingi kuhusu Bitcoin, sarafu ya kidijitali isiyo na benki, ilivyokuwa kati ya Januari 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2014, yaani tangu bloku ya kwanza (bloku ni fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari la Bitcoin) hadi kufilisika kwa soko la Mt. Gox. Wanaouliza ni wa aina mbili: wanaotaka kuielewa historia hiyo, na waliofungua kompyuta ya zamani wakakuta faili ambalo huenda lina mali ndani yake. Walio katika kundi la pili wanaweza kuanzia swali la 18, ila tunawaomba wasiguse kitu chochote kabla ya kulisoma jibu lake lote.

## Misingi

1. Bitcoin ilianzaje, na nani aliyeianzisha?

Tarehe 31 Oktoba 2008, mtu au kikundi kilichotumia jina la Satoshi Nakamoto kilisambaza waraka wa kurasa tisa ulioeleza namna watu wanavyoweza kulipana mtandaoni bila benki kukaa katikati yao. Bloku ya kwanza ina tarehe ya 3 Januari 2009, na ndani yake kulipachikwa kichwa cha habari cha gazeti la The Times la siku hiyo, kilichohusu serikali ya Uingereza kukaribia kuziokoa benki kwa mara ya pili. Programu ilitolewa siku chache baadaye, na tarehe 12 Januari mwanaprogramu wa Marekani, Hal Finney, alipokea bitcoin 10 kutoka kwa Satoshi.

Satoshi aliacha kuandika hadharani Desemba 2010 na hajatambulika hadi leo. Kwa maoni yetu, fumbo hilo limepewa uzito kuliko linavyostahili, kwa kuwa programu ilikuwa wazi kwa yeyote kuisoma tangu mwanzo na usalama wake haukutegemea jina la aliyeiandika.

2. Sarafu zenyewe zilikaa wapi?

Hazikukaa ndani ya kompyuta ya mtu yeyote. Kilichokuwepo ni daftari moja la umma, lililonakiliwa katika kila kompyuta iliyoendesha programu kamili, na ndani yake kila muamala tangu ule wa kwanza umeandikwa. Kilichohifadhiwa na mtumiaji ni ufunguo wa siri, yaani namba kubwa sana iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ambayo huwezesha kutia saini inayoruhusu kiasi fulani kihamishwe. Tunachokiita pochi ni mkusanyiko wa funguo hizo, na katika programu ya mwanzo ulihifadhiwa kwenye faili moja lililoitwa wallet.dat.

Ufunguo ukipotea, sarafu huendelea kuonekana kwenye daftari ingawa hakuna awezaye kuzisogeza. Ukinakiliwa na mwizi, yeye na wewe mna uwezo uleule, na atakayewahi ndiye atakayezichukua. Sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini inatokana na jambo hili.

3. Je, hii inatofautiana vipi na pesa za simu kama M-Pesa?

M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ina kampuni inayotunza daftari, inayomjua mteja kwa kitambulisho chake, na inayoweza kufunga akaunti au kusaidia kurudisha fedha zilizotumwa kwa namba isiyo sahihi. Aliyesahau namba yake ya siri hupiga simu huduma kwa wateja. Katika Bitcoin hakukuwa na huduma kwa wateja, wala mtu mwenye mamlaka ya kubatilisha muamala uliokwisha kuingia kwenye daftari.

Kwa upande wa faragha mambo yamepinduka. Miamala ya pesa za simu haionekani na majirani, lakini kampuni inaiona yote pamoja na majina. Miamala ya Bitcoin inaonekana na dunia nzima, lakini majina hayakuandikwa. Wengi waliichukua sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo wakaisahau ya kwanza, na matokeo yake tunayaeleza katika swali la 13.

4. Anwani ni nini, na ingekuwaje kama ningekosea herufi moja?

Anwani ni msururu wa herufi na tarakimu unaompa mtu anayetaka kukutumia bitcoin. Anwani za kawaida za kipindi hicho zilianza na tarakimu 1 na zilikuwa na takriban herufi na tarakimu 34. Zilitokana na ufunguo wa umma, yaani mwenza wa ufunguo wa siri ambao wengine wanaruhusiwa kuuona, uliopitishwa katika hesabu za njia moja, kwa hiyo mtu aliyeiona anwani hakuweza kurudi nyuma hadi kwenye ufunguo wa siri. Ili kupunguza makosa ya macho, tarakimu 0, herufi O na I kubwa, pamoja na l ndogo ziliondolewa kabisa katika uandishi wake.

Kukosea herufi moja hakukuwa hatari kubwa, kwa sababu ndani ya anwani kulikuwa na biti 32 za ukaguzi, na uwezekano wa anwani iliyokosewa kupita kama sahihi ulikuwa takriban mmoja katika bilioni nne. Kosa lililowaumiza watu lilikuwa kunakili anwani kamili na sahihi ya mtu mwingine, maana hilo programu haikuweza kuligundua (tazama swali la 17).

## Kupata na kutumia

5. Watu walizipata bitcoin kwa njia gani?

Mwanzoni njia ilikuwa moja tu, uchimbaji, yaani kutumia nguvu ya kompyuta kushindana kutafuta bloku mpya, na kompyuta ya kawaida ya nyumbani ilitosha. Kila bloku ilimpa mchimbaji bitcoin 50, hadi tarehe 28 Novemba 2012 zawadi hiyo iliposhuka kuwa 25. Mwaka 2010 wachimbaji waligundua kwamba kadi za picha, zile za michezo ya kompyuta, zilifanya kazi hiyo kwa kasi kubwa kuliko prosesa, na mwisho wa mwaka huohuo wakaanza kuunganisha nguvu na kugawana mapato. Mitambo iliyotengenezwa mahususi kwa uchimbaji ilipoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2013, kompyuta ya nyumbani ilitoka nje ya mashindano.

Wengine walipewa bure. Mwaka 2010 Gavin Andresen, aliyekuja kuwa msimamizi mkuu wa programu, alifungua tovuti iliyogawa bitcoin 5 kwa kila mgeni. Kuanzia Julai 2010 ziliweza pia kununuliwa katika Mt. Gox, soko ambalo tutalirudia katika swali la 11.

6. Zilinunua nini hasa?

Ununuzi unaotajwa zaidi ni wa tarehe 22 Mei 2010, ambapo Laszlo Hanyecz wa Florida alitoa bitcoin 10,000 na kuletewa piza mbili. Muuzaji wa piza hakupokea bitcoin hata moja, kwa kuwa alilipwa kwa njia ya kawaida na mtu mwingine aliyekubali kubadilishana. Mambo mengi ya miaka hiyo yalikwenda hivyo, kwa kutegemea mtu wa tatu mwenye kadi ya benki na nia njema.

Matumizi yalipanuka polepole. WikiLeaks, tovuti ya kufichua nyaraka za siri iliyokuwa imefungiwa na Visa, Mastercard na PayPal mwishoni mwa 2010, ilianza kupokea michango ya bitcoin Juni 2011. WordPress.com ilikubali malipo ya bitcoin Novemba 2012. Upande wa pili kulikuwa na Silk Road, soko la siri la dawa za kulevya lililofanya kazi kuanzia 2011 hadi lilipofungwa na polisi wa Marekani Oktoba 2013, na lililoipa Bitcoin sifa ambayo watumiaji wa kawaida walipata kazi kubwa kuisafisha.

7. Je, zilifika Afrika Mashariki katika kipindi hicho?

Zilifika mwishoni mwake. Kampuni ya BitPesa ilianzishwa Nairobi mwaka 2013 kwa lengo la kuwawezesha Wakenya walio nje kutuma fedha nyumbani kwa bitcoin, na mpokeaji azipate kwa shilingi kwenye simu. Mwaka 2015 iliingia katika mgogoro na Safaricom uliofika mahakamani, na Desemba mwaka huohuo Benki Kuu ya Kenya ikatoa tahadhari kwa umma kuhusu sarafu hizi. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo lake Novemba 2019, baada ya kipindi tunachokizungumzia.

8. Kwa nini muuzaji alisubiri uthibitisho sita?

Bloku mpya hupatikana kila baada ya dakika 10 kwa wastani, na kila bloku inayojengwa juu ya ile yenye muamala wako huongeza ugumu wa kuufuta. Bloku sita, yaani uthibitisho sita au saa moja hivi, ilikuwa desturi ya programu na haikuwa sheria. Kwa kikombe cha kahawa saa moja ni muda wa kuchekesha, kwa hiyo wauzaji wa vitu vidogo walikubali muamala ambao haujathibitishwa na kubeba hatari ya mteja kuzituma sarafu zilezile mahali pengine kabla bloku haijapatikana.

Sarafu zilizochimbwa upya zilikuwa na sharti lake: hazikuweza kutumika hadi bloku 100 nyingine ziongezwe juu yake.

9. Nilituma bitcoin 1, lakini daftari linaonyesha 50 zimeondoka kwenye anwani yangu. Je, nimeibiwa?

Hapana, hiyo ni chenji. Swali hili tunaliombea msomaji alielewe vizuri kuliko mengine yote katika sehemu hii, kwa kuwa usalama (swali la 10) na faragha (swali la 14) vyote vinalitegemea.

Bitcoin haina salio linalopunguzwa kidogo kidogo. Kila kiasi ulichopokea kinabaki kizima kama kilivyokuja, na unapotaka kutumia sehemu yake ni lazima ukitoe chote. Ukiwa na kipande cha bitcoin 50 ulichochimba na unataka kumlipa mtu 1, muamala wako huharibu kile cha 50 na kuunda viwili: kimoja cha 1 kwenda kwa mpokeaji, na kingine cha 49 kinachorudi kwako. Programu ya mwanzo ilirudisha hiyo chenji kwenye anwani mpya kabisa, ambayo iliitengeneza kimyakimya na haikukuonyesha katika orodha ya anwani zako. Salio lako kwenye kioo lilisomeka 49, kila kitu kilionekana shwari, na watumiaji wengi walikaa miaka miwili au mitatu bila kujua kwamba anwani waliyoizoea ilikwisha kubaki tupu.

## Usalama wa pochi

10. Nilikuwa na nakala ya akiba ya wallet.dat. Inawezekanaje bado nikapoteza?

Kwa sababu ya chenji. Agosti 2010 mtumiaji mmoja aliyekuwa na bitcoin 9,000 alitengeneza nakala ya akiba, kisha akajitumia bitcoin 1 kwa majaribio. Chenji ya 8,999 ilikwenda kwenye anwani mpya ambayo ufunguo wake haukuwepo katika nakala ile. Aliporudisha nakala ya zamani baada ya faili lake jipya kutoweka, ufunguo wa chenji ulikuwa umekwenda nalo. Hakukuwa na mwizi wala virusi, na mtu huyo alikuwa amechukua tahadhari ambayo wenzake wengi hawakuichukua.

Baadaye mwaka huohuo programu ilibadilishwa ili itengeneze funguo 100 za mbele na kuziweka ndani ya pochi kabla hazijahitajika, kwa hiyo nakala moja iliweza kufaa kwa muda. Lakini kila muamala wenye chenji na kila anwani mpya vilikula ufunguo mmoja, na baada ya 100 kuisha nakala ya zamani ilianza tena kupitwa. Aliyefanya biashara ndogo alizimaliza ndani ya wiki chache, ilhali aliyechimba na kuziacha alikuwa salama kwa miaka.

Tatizo hili lilipata dawa ya kudumu pale pochi zilipoanza kuzalisha funguo zote kutoka mbegu moja, kwa utaratibu uliopendekezwa mwaka 2012, na mwaka uliofuata mbegu hiyo ikapewa umbo la maneno 12 au 24 yanayoweza kuandikwa kwenye karatasi. Faili la wallet.dat la miaka tunayoizungumzia halina maneno hayo, na mtu anayekuambia kwamba yapo ndani yake hajui anachosema au anakutapeli.

11. Je, haikuwa salama zaidi kuziacha kwenye soko au tovuti ya pochi?

Historia inajibu kwa ukali. MyBitcoin, tovuti iliyopendwa kwa urahisi wake, ilitoweka ghafla katikati ya mwaka 2011, na iliporudi ililipa chini ya nusu ya walichokuwa nacho wateja. Mt. Gox ya Tokyo ilidukuliwa Juni 2011, bei ndani yake ikaporomoka hadi senti chache kwa muda mfupi, lakini wateja wakaendelea kuiamini. Februari 2014 ilisimamisha utoaji wa sarafu, kisha ikaomba hifadhi ya kufilisika ikisema bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani. Karibu 200,000 zilipatikana wiki chache baadaye katika pochi ya zamani. Wadai walianza kulipwa kwa sarafu mwaka 2024, miaka kumi baada ya tukio.

Aliyeweka sarafu zake huko alikuwa na ahadi ya kampuni, na funguo zilikuwa mikononi mwa kampuni. Hata hivyo hatuwacheki waliofanya hivyo. Ukisoma swali la 10 na la 12 utaelewa kwa nini mtu asiye fundi aliona bora awape wengine mzigo huo.

12. Nenosiri la pochi lililinda kiasi gani?

Kabla ya Septemba 2011 halikuwepo. Faili la wallet.dat lilihifadhi funguo wazi, na programu yoyote yenye nia mbaya iliyoingia kwenye kompyuta iliweza kulinakili na kulituma nje kwa sekunde chache. Juni 2011 mtumiaji mmoja alitangaza kwamba bitcoin 25,000 zimeondoka kwenye kompyuta yake ya Windows, na mwezi huohuo virusi vilivyotafuta faili hilo kwa jina vikaanza kuonekana. Toleo la 0.4 ndilo lililoleta nenosiri, nalo lilikuwa na dosari: baada ya kufunga pochi, baadhi ya funguo za wazi ziliweza kubaki katika nafasi zisizotumika za faili. Dosari hiyo ilirekebishwa katika matoleo yaliyofuata.

Wengine walijaribu njia zao. Waliochapisha ufunguo kwenye karatasi walikuwa salama dhidi ya virusi, mradi kompyuta iliyoutengeneza ilikuwa safi na karatasi haikupata maji. Waliogeuza methali, aya au mstari wa shairi kuwa ufunguo, kwa imani kwamba kichwa cha mtu hakidukuliwi, walipoteza mapema kuliko wote, kwa sababu wezi walipitisha vitabu vizima kwenye kompyuta zao na kusubiri anwani yoyote inayolingana ipokee fedha. Na Agosti 2013 iligundulika kwamba simu za Android zilikuwa na kasoro katika kuzalisha namba za bahati nasibu, kiasi kwamba pochi zilizotengenezwa ndani ya simu hizo zilipaswa kuachwa na sarafu kuhamishiwa kwenye anwani mpya.

## Faragha

13. Watu husema Bitcoin ilikuwa ya siri kabisa. Ni kweli?

Si kweli, na waraka wa Satoshi wenyewe haukuahidi hivyo. Ulisema faragha itategemea kutojulikana kwa wenye funguo, ukashauri kutumia jozi mpya ya funguo kwa kila muamala, na ukaonya kwamba muamala unaokusanya vipande kadhaa hufichua kuwa vipande hivyo vina mwenye mmoja. Yaliyofuata kwa miaka mingi ni ufafanuzi wa onyo hilo.

Ni sahihi zaidi kusema kila mtu alitembea na jina la bandia. Siku jina hilo linapounganishwa na jina halisi, hata mara moja, kwa njia ya risiti, anwani ya kupelekewa mzigo au akaunti ya soko, miamala yote ya nyuma inasomeka upya. Kwa kuwa daftari halifutwi, uunganishaji huo hauna tarehe ya mwisho: mtu aliyeiibia Silk Road zaidi ya bitcoin 50,000 mwaka 2012 alifikiwa na wapelelezi wa Marekani Novemba 2021, na sarafu zikakutwa nyumbani kwake, nyingine katika kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya kopo la bisi.

14. Anwani zangu tofauti ziliunganishwaje?

Kwa njia tatu hasa. Ya kwanza ni ile iliyoonywa na Satoshi: ulipokuwa na vipande vya bitcoin 2, 3 na 4 katika anwani tatu na ukataka kulipa 8, programu ilivikusanya vyote katika muamala mmoja, na anayetazama akajua anwani zote tatu ni za mtu mmoja. Wachimbaji wa mwanzo waliumbuka sana hapa, kwani vipande vyao vya 50 vilikuwa safi, bila historia yoyote, hadi siku walipovimwaga pamoja kulipia kitu kikubwa.

Ya pili ni chenji. Muamala wenye matokeo mawili, moja la kiasi cha duara kama 5 na jingine la 44.9473 lililokwenda kwenye anwani ambayo haijawahi kuonekana, unasomeka bila shida: la pili ndilo lililorudi kwa mtumaji. Ya tatu ni masoko, ambayo yalipaswa kuwajua wateja wao. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na wenzao walifanya mamia ya miamala yao wenyewe na huduma mbalimbali ili wazitambue anwani zake, wakaonyesha kwamba kwa mbinu hizi mbili za kwanza sehemu kubwa ya mtandao inaweza kupangwa katika makundi yenye majina.

Polisi walijifunza somo hilo, na somo likawageukia baadhi yao. Maofisa wawili wa serikali ya Marekani walioshiriki katika uchunguzi wa Silk Road waliiba bitcoin wakidhani hazitafuatiliwa. Wote walishtakiwa mwaka 2015 na kufungwa, na daftari lilikuwa sehemu ya ushahidi.

15. Je, kutumia Tor kulisaidia?

Tor ni mtandao unaoficha chanzo cha mawasiliano ya intaneti, na kuitumia kulisaidia kwa jambo moja. Kompyuta zilizounganishwa na ile iliyotangaza muamala ziliifahamu kwa anwani yake ya intaneti, na mtu aliyejiunganisha na kompyuta nyingi za mtandao kwa wakati mmoja aliweza kukisia muamala ulianzia wapi. Tor ilificha anwani hiyo, na programu ya Bitcoin iliiruhusu tangu toleo la 0.2. Haikubadilisha chochote katika daftari, kwa hiyo yote yaliyosemwa katika swali la 14 yalibaki palepale.

Kulikuwa pia na kipengele cha zamani cha kumlipa mtu moja kwa moja kwa anwani yake ya intaneti. Kiliondolewa, na ilistahili, kwa sababu aliyekaa katikati ya mawasiliano aliweza kujifanya mpokeaji.

16. Huduma za kuchanganya sarafu zilifanya kazi?

Huduma ya kuchanganya ilipokea sarafu zako na kukurudishia za wengine kwa ada. Ulilazimika kumwamini mwendeshaji kwamba hatakimbia nazo na kwamba hatunzi kumbukumbu, na kwa nyingi ya huduma hizo imani hiyo haikuwa na msingi wowote. Agosti 2013 Gregory Maxwell, mmoja wa wanaprogramu wa Bitcoin, alieleza mpango uitwao CoinJoin, ambamo watu kadhaa hutia saini muamala mmoja wa pamoja bila yeyote kuweza kuchukua sarafu za mwenzake. Wazo hilo pia lilivuruga kanuni ya kwanza ya swali la 14, maana vipande vilivyokusanywa pamoja havikuwa tena uthibitisho wa mwenye mmoja. Monero, sarafu nyingine ya kidijitali iliyoanza Aprili 2014, ilichukua njia tofauti ya kuficha mambo hayo ndani ya mfumo wenyewe.

## Hali zisizo za kawaida

17. Nilituma kwa anwani ya mtu mwingine kwa makosa. Kuna namna ya kurudishiwa?

Kama muamala umethibitishwa, ni hiari ya mpokeaji tu, na mara nyingi hutakuwa na njia ya kumfikia. Kabla ya uthibitisho, programu za kipindi hicho hazikumpa mtumiaji wa kawaida kitufe cha kufuta. Muamala uliokwama kwa siku kadhaa kwa kukosa ada hatimaye ulisahaulika na kompyuta za mtandao, lakini programu yako mwenyewe iliendelea kuutangaza upya kila ilipofunguliwa.

18. Nimekuta wallet.dat kwenye kompyuta ya zamani. Nifanye nini?

Kwanza, usiifungue kompyuta hiyo kwa matumizi ya kawaida na usisakinishe chochote. Nakili faili mara mbili kwenye vifaa viwili tofauti, kisha fanyia kazi nakala tu. Katika Windows hupatikana ndani ya folda iitwayo Bitcoin iliyo chini ya data za programu za mtumiaji, katika Linux ndani ya folda fiche iitwayo .bitcoin. Tafuta pia nakala nyingine zenye majina tofauti, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 10: faili jipya zaidi linaweza kuwa na funguo ambazo la zamani halina. Kama diski imefutwa au imeharibika, iache bila kuandikwa kitu juu yake.

Pili, usilipakie faili hilo kwenye tovuti yoyote, wala usimtumie mtu yeyote kwa barua pepe ili akusaidie kuangalia kilichomo. Kama halina nenosiri, aliyelipata ndiye mwenye sarafu.

Tatu, lifungue kwa programu ya Bitcoin Core, mrithi wa ile ya mwanzo, iliyopakuliwa kutoka chanzo chake rasmi na kukaguliwa saini. Matoleo mapya huenda yakakutaka kwanza uihamishe pochi kwenye muundo mpya. Programu itahitaji kusoma daftari lote, kazi ya siku kadhaa na mamia ya gigabaiti za nafasi. Ukichoka kusubiri ukaamua kutafuta anwani yako katika tovuti za kutazamia daftari, salio utaliona, lakini mwenye tovuti atakuwa ameona pia kwamba kompyuta yako inaijali anwani hiyo.

Salio likiwepo, hamishia sarafu kwenye pochi mpya yenye maneno 12 au 24 ya kumbukumbu (swali la 10) kabla ya jambo jingine lolote. Hasa, usishawishike kuingiza funguo zako katika programu zinazoahidi kukupa sarafu zilizogawanyika kutoka Bitcoin, kama Bitcoin Cash ya Agosti 2017. Ni kweli aliyekuwa na bitcoin kabla ya tarehe hiyo alistahili hizo pia, lakini zidai baada ya kuhamisha bitcoin zenyewe, kwa funguo ambazo tayari ni tupu upande wa Bitcoin.

19. Nimesahau nenosiri la pochi. Je, kuna anayeweza kulifungua?

Hakuna njia ya nyuma. Kinachowezekana ni kukisia kwa kompyuta, na kukisia kuna maana ikiwa unakumbuka sehemu ya nenosiri au mtindo wako wa kuyatunga. Andika kila unachokumbuka, hata makosa ya vidole uliyozoea, kabla kumbukumbu haijafifia zaidi. Wapo mafundi waaminifu wa kazi hii, na kuna njia ya kuwapa sehemu ya faili inayotosha kujaribia nenosiri bila kuwapa funguo. Fundi anayekataa njia hiyo na kudai faili zima aachwe. Anayekutafuta yeye kwanza, akidai amesikia una pochi iliyofungwa, ni tapeli.

Kifaa chenye ukomo wa majaribio ni jambo jingine. Stefan Thomas, mwanaprogramu aliyelipwa bitcoin kwa kutengeneza video mwaka 2011, aliweka funguo za bitcoin 7,002 ndani ya kifaa kinachojifunga moja kwa moja baada ya majaribio 10, akapoteza karatasi yenye nenosiri na kutumia majaribio manane. Ukiwa na kifaa cha namna hiyo, usijaribu hata mara moja kwa kubahatisha.

20. Mwenye pochi amefariki. Familia ina haki gani?

Haki ya mirathi haibadiliki kwa sababu mali ni ya kidijitali. Mahakama, au kadhi kwa wanaofuata sheria ya Kiislamu, inaweza kuamua nani anarithi na kwa mafungu gani. Uamuzi huo unaweza kutumika kudai kwa soko lililokuwa likimtunzia marehemu sarafu, na wadai wa Mt. Gox waliofariki wakati wa kusubiri warithi wao waliendelea na madai kwa msingi huo. Kwa pochi aliyoitunza mwenyewe, hati ya mahakama haifungui chochote.

Familia ikusanye kompyuta, diski, vijiti vya kuhifadhia data, simu za zamani na karatasi zenye maandishi yasiyoeleweka, na isiuze wala kugawa kifaa chochote kabla ya kukaguliwa. James Howells wa Newport, Wales, alikuwa hai na mwenye akili timamu diski yake yenye funguo za bitcoin zipatazo 8,000 ilipopelekwa jalalani mwaka 2013, na halmashauri ya mji huo haikumruhusu kuchimbua. Ukaguzi ufuate hatua za swali la 18, na ufanyike mbele ya warithi zaidi ya mmoja, kwa kuwa pochi isiyo na nenosiri inaweza kuhamishwa yote na ndugu mmoja kwa dakika kumi, na daftari halitasema ni nani.